Kibati cha Pembe Sita

Mlango wa mbele wa nyumba ile haukuwahi kufungwa mchana. Pasi kuukuu ya mkaa iliwekwa chini yake kuuzuia, na kwa miaka iliyokaa hapo ilikuwa imejichimbia kishimo kwenye saruji, kama kuku anayeatamia. Usiku lilivutwa geti la chuma peke yake, ambalo aliyelala ndani aliweza kuuona mtaa kupitia nondo zake. Vyumba vya ndani havikuwa na milango kabisa. Baba aliing'oa yote akaning'iniza mapazia. Hata msalani palikuwa na pazia, na kila aliyeingia huko alipaswa kukohoa mfululizo mpaka amalize haja yake, hivyo wageni waliofika kwa mara ya kwanza walidhani familia nzima ina kifua.

Mtaani walicheka mpaka wakachoka, kisha wakaanza upya, kwa sababu kijana wa nyumba hiyo alikuwa fundi wa kufuli. Walimwita Funguo, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti tu.

"Funguo, kufuli zote umewafungia wengine ukasahau kujibakizia moja?"

"Kwetu hakuna cha kuiba ila Bibi," alijibu, "na Bibi habebeki."

Mzaha uliishia kizingitini. Ndani kila mtu alijua sababu. Miaka thelathini na moja nyuma, mdogo wake Baba, kijana wa miaka ishirini na miwili, alifungiwa ndani ya chumba cha baridi cha kiwanda cha nyama. Alikutwa alfajiri amekaa nyuma ya mlango, magoti kifuani. Funguo alizaliwa mwaka uliofuata, kwa hiyo alimjua Baba Mdogo kama mtu anavyoijua nguzo ya nyumba yao: hakuwahi kuongea naye, lakini kila kitu kiliegemea hapo. Baba aliacha kazi kiwandani wiki ileile. Tangu hapo alifanya kazi za nje tu, chini ya turubai uani, akitengeneza baiskeli. Mvua ikinyesha alilowa, wala hakuingia ndani.

Na kulikuwa na yule mtu. Ndivyo Bibi alivyomwita mlinzi aliyeufunga mlango wa chumba cha baridi. Alikaa jela miaka mitatu, akatoka, hakupata tena kazi. Mtaani kwake watoto walimwita Mzee Jokofu. Funguo mwenyewe, akiwa darasa la nne, aliwahi kutembea mwendo wa saa nzima na mfuko wa kokoto, akazimaliza zote juu ya bati la nyumba yake, kisha akarudi nyumbani akijiona shujaa.

*

Jumatatu binti wa yule mlinzi alikuja kwa mara ya tatu. Alikuwa mshonaji, mwanamke wa makamo, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni kwa haraka aliyotoka nayo. Mlango ulikuwa wazi, lakini alisimama nje ya pasi.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja tena."

"Nimekuja tena. Hali ya mzee si nzuri. Chakula hapokei, anapokea maji ya kijiko. Anaomba neno moja kutoka kwako kabla hajaondoka."

Bibi aligeuza uso kuifuata sauti. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe mwaka wa tatu sasa, lakini shingo yake haikujua kuzeeka.

"Mimi sina neno. Yeye ndiye mwenye neno langu. Aseme kibati cha kazi cha mwanangu alikitupa wapi. Akisema, hata leo nitabebwa mgongoni nije nimshike mkono. Asiposema, aende nacho."

"Miaka yote hii anasema hakukitupa."

"Mahakama ilisema alikitupa. Gazeti liliandika."

"Bibi, hilo gazeti ulilisoma?"

Uani gurudumu la baiskeli lililokuwa likizunguka lilinyamaza.

"Mimi sikusoma shule," Bibi alisema. "Nilisomewa."

"Na nani?"

"Na mwanangu. Na wewe unauliza kama hakimu, umekuja kuomba au kushtaki?"

Mshonaji aliinamisha kichwa. Bibi alipapasa hewa mpaka akaupata mkono wa mjukuu wake. "Funguo, wewe umesoma. Nenda kalitafute gazeti hilo lilipo, ulilete, umsomee huyu binti mbele yangu, neno kwa neno. Alhamisi alasiri aje. Akishasikia kwa masikio yake, asikitie tena kidonda changu kidole."

Funguo aliipokea kazi hiyo kwa furaha kali. Miaka yote alikuwa ameitafuta nafasi ya kurusha kokoto kubwa kuliko zile.

*

Magazeti ya zamani yalihifadhiwa chini ya jengo la maktaba, kwenye chumba kisicho na dirisha, yakiwa yamejalidiwa mwezi kwa mwezi katika vitabu vikubwa ambavyo mtu alivibeba kwa mikono miwili kama mtoto mgonjwa. Mtunza magazeti alikuwa mama mnene mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani.

"Kalamu ya wino hapana. Simu kwenye droo. Ukitaka kupiga chafya, geuka ukutani, hawa ni wazee wangu. Na nikienda kula, nakufungia."

"Unanifungia, mama?"

"Kuna bwana mmoja, suti na tai, alinikatia ukurasa kwa wembe nikiwa nakunywa chai. Tangu siku hiyo msomaji ni mahabusu wangu."

"Mimi ni fundi wa kufuli."

Alimtazama kwa miwani ya puani, kisha akashusha ile ya kichwani amtazame vizuri zaidi. "Basi utakuwa mahabusu mwenye adabu."

Habari ya kwanza aliipata asubuhi ileile ya Jumanne. Ilikuwa ukurasa wa tatu, mistari kumi na minne, imebanwa kando ya tangazo la sabuni ambamo mwanamke alicheka meno yote. *Mfanyakazi afia chumba cha baridi.* Jina la Baba Mdogo lilikuwa limekosewa. Funguo aliusoma mara tatu ule ufupi wake. Maisha ya nyumba nzima, milango yote iliyong'olewa, yalikuwa yametoshea kwenye nafasi ambayo mtu angeifunika kwa kiganja. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, na hakujua amkasirikie nani: aliyeandika, aliyekosea jina, au yule mwanamke wa sabuni.

Kesi yenyewe ilianza miezi mitano baadaye. Aliipata Jumatano, karibu na saa saba mchana, mtunza magazeti akiwa tayari ameshika mkoba wake.

"Narudi saa nane," alisema. Ufunguo ulizunguka mara mbili. Funguo aliisikiliza kufuli ile kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtu aliyepita njia: ya kizamani, pini tatu, moja imelegea. Angeifungua kwa waya wa daftari kabla hujahesabu kumi. Akatabasamu, akafungua ukurasa.

Mwandishi wa mahakamani alikuwa mtu makini, tofauti na yule wa sabuni. Alieleza kila kitu kwa utaratibu. Nje ya chumba cha baridi palikuwa na mbao mbili, mmoja umeandikwa NDANI na mwingine NJE. Kila mfanyakazi alikuwa na kibati chake cha shaba chenye namba. Akiingia alikihamishia ubao wa NDANI, akitoka alikirudisha NJE. Vibati havikuruhusiwa kutoka kiwandani. Vya idara nyingine vilikuwa vya mviringo, lakini vya chumba cha baridi vilichongwa pembe sita, ili mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi aweze kukitambua chake kwa kupapasa.

Funguo aliacha kusoma.

Hakuacha kwa sababu ya jambo alilolielewa. Mkono wake ndio ulioacha. Kidole gumba kilikuwa kimeanza kuzunguka juu ya kidole cha shahada, polepole, kikihesabu kona za kitu ambacho hakikuwepo.

Kwenye mkanda wa Baba kulining'inia ufunguo mmoja, wa geti la chuma, na pamoja nao kipande cha shaba chenye tundu. Funguo alikuwa amekibadilishia pete mara mbili kwa mikono yake mwenyewe. Alikijua uzito wake. Alijua kwamba upande mmoja ulisuguliwa kwa tupa mpaka ukawa laini, kwa sababu alimwuliza Baba, na Baba akajibu, "Kilikuwa kinakwaruza suruali." Yeye mwenyewe alipokuwa mchanga anaota meno alipewa akitafune. Pembe sita.

Aliendelea kusoma, kwa maana hakuwa na pa kwenda.

Mlinzi alisema kwamba jioni ile, kabla ya kufunga, alizitazama mbao zote mbili. NDANI hapakuwa na kitu. NJE palikuwa na vibati vyote, pamoja na namba thelathini na saba, ya marehemu. Aliita kwa sauti kutoka mlangoni, mashine zikinguruma, hakujibiwa, akafunga. Mpini wa ndani ulikuwa umevunjika wiki mbili kabla, na fundi alikuwa hajaja. Hakimu aliuliza: kama kibati kilikuwa NJE, mbona asubuhi polisi hawakukikuta NJE wala NDANI wala kwa marehemu? Mlinzi alijibu kwamba hajui. Aliongeza kwamba wafanyakazi walikuwa na tabia ya kutoleana vibati, mmoja akiwahi kutoka anamtolea na mwenzake, ili wote wawahi maji ya moto bafuni, ambayo yaliwatosha watu kumi tu. Hasa wale ndugu wawili.

Kisha mstari uliofuata, mfupi, bila nakshi: *Kaka wa marehemu aliapa kwamba hawakuwa na tabia hiyo, na kwamba siku hiyo alikitoa chake peke yake.*

Hakimu akahitimisha kwamba mlinzi alifunga bila kutazama mbao, na kwamba asubuhi alikitupa kibati ili kuficha uzembe wake. Miaka mitatu.

Funguo aliutazama mlango. Waya wa daftari ulikuwa pale mezani. Aliona jioni ile yote bila kusimuliwa: ndugu wawili wakitoka, mmoja akikumbuka glavu zake, *nitolee na changu, Kaka, nakuja*, na mwingine akihamisha vibati viwili kwa mkono mmoja, akikimbilia maji ya moto. Hayo yalikuwa bahati mbaya. Mtu yeyote angeyafanya, walikuwa wameyafanya kila siku. Kaka akasubiri kidogo, akadhani mdogo wake amepitia geti la nyuma kwenda kwa mchumba, akaenda zake nyumbani.

Lakini asubuhi, watu wakilia kuzunguka mlango ule, kuna mkono uliofika kwenye ubao wa NJE. Huo haukuwa bahati mbaya. Na mkono huo ndio uliomfundisha yeye kushika bisibisi.

Mtunza magazeti aliporudi alimkuta amekaa vilevile.

"Mahabusu, umepata?"

"Nimepata, mama."

"Mbona kama umepoteza?"

Alimtolea fotokopi za kurasa nne, akaziviringisha na kuzifunga kwa mpira. Funguo aliondoka bila simu yake, ikabidi mama yule amkimbilie nayo ngazini.

*

Baba alikuwa uani chini ya turubai, amepindua baiskeli, anakaza spoku moja moja. Alizungusha gurudumu, akalitazama linavyoyumba, akakaza tena. Ufunguo wa geti uligonga kile kipande cha shaba kiunoni mwake. Funguo aliisikia sauti hiyo kama aliyekuwa kiziwi jana.

"Umelipata gazeti?"

"Nimelipata."

"Lote?"

"Mpaka hukumu."

Baba hakugeuka. Alitafuta spoku nyingine, akaikosa, akashika ileile. "Wameandika vizuri?"

"Wameandika ulivyoapa."

Gurudumu lilizunguka mpaka likasimama lenyewe. Mgongo wa Baba ulionekana mdogo ndani ya shati. Aliposema, alisema kama anayeongea na mnyororo wa baiskeli.

"Nilitaka nikirudishe. Kila siku ya kesi nilikwenda nacho mfukoni. Kila siku nikasema kesho."

"Kwa nini hukukitupa basi?"

"Ningekitupa wapi ambapo nisingekiona?"

Funguo alikuwa amekuja na maneno makali, ameyapanga njia nzima kama mashairi, kila moja na mdundo wake.

"Kesho Bibi anataka nisome," alisema. "Neno kwa neno."

"Najua." Baba alijifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, ikazidi kuchafuka. "Mama amebakiwa na mtoto mmoja. Ukisoma yote, atabakiwa na wangapi?"

"Na yule mzee amebakiwa na siku ngapi?"

Baba alilizungusha gurudumu. Halikuyumba tena, lakini aliendelea kulitazama.

*

Alhamisi alasiri mshonaji alikuja na kukalishwa kwenye kigoda. Bibi alivaa nguo ya kutokea, kama anayekwenda kupigwa picha. Funguo alikaa katikati yao, karatasi magotini. Upande wa kushoto pazia la chumba cha Bibi, upande wa kulia pazia la msalani, mbele mlango wazi na pasi yake. Nyumba haikuwa na komeo hata moja, naye hakuona pa kutokea.

Usiku uliopita alikuwa amefanya hesabu ya mambo anayoweza kuyaruka. Kuruka pembe sita. Kuruka kiapo. Bibi hasomi, mshonaji hajui kilichoandikwa. Angesoma kama Baba alivyosoma zamani, sentensi zilizobaki zingesimama vizuri tu bila zile zilizoondolewa, na fundi mzuri haachi alama. Ndipo akaelewa kwamba amekwisha kuikamata tupa ya Baba mkononi.

"Soma," Bibi alisema.

Alisoma. Alisoma habari ya kifo pamoja na jina lililokosewa, na Bibi akalisahihisha kwa midomo bila sauti. Akasoma mbao mbili, NDANI na NJE. Akafika kwenye vibati.

"'Vya idara nyingine vilikuwa vya mviringo,'" alisoma, "'lakini vya chumba cha baridi…'"

Kwenye mwanga wa mlango palikuwa na kivuli. Baba alikuwa amesimama kizingitini, mikono mitupu, hatua moja ndani, mahali ambapo mchana hakuwahi kusimama.

"Endelea," Bibi alisema. "Vya chumba cha baridi vilikuwaje?"

Mshonaji aliwatazama wanaume wawili, mmoja baada ya mwingine. Futi yake alikuwa ameizungusha kiganjani mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

"'…vilichongwa pembe sita,'" Funguo alisoma, macho yake yakiwa juu ya Baba na si juu ya karatasi, "'ili mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi aweze kukitambua chake kwa kupapasa.'"

Alisoma maneno ya mlinzi yote. Mshonaji alianza kulia kimya, maana yalikuwa yaleyale, herufi kwa herufi, aliyolala akiyasikia tangu utotoni. Alisoma tabia ya kutoleana vibati. Alisoma *hasa wale ndugu wawili*. Hapo akanyamaza, kwa sababu mstari uliofuata haukuwa wake.

Baba aliisukuma pasi kwa mguu. Haikwenda. Akainama, akaing'oa kwenye kishimo chake kwa mikono miwili, akaiweka kando. Mlango uliosimama miaka thelathini na moja ulilia bawaba zote, ukaburuta sakafuni, ukafungika. Chumba kikaingia kwenye giza la rangi ya chai. Baba alikuwa anahema kama aliyepanda kilima, jasho limemtoka, mgongo wake umeshikamana na ubao wa mlango.

"Nani amefunga?" Bibi aliuliza.

"Ni mimi, Mama."

"Wewe?"

Baba alivuka chumba kwa hatua fupi, akapiga magoti mbele yake. Alihangaika na pete kiunoni, vidole vikakataa. Funguo akainuka, akaifungua yeye, kwa maana ndiye aliyeifunga. Baba alichukua kiganja cha mama yake, akakifungua, akaweka kile kipande cha shaba katikati.

"Mstari unaofuata, Mama," alisema, "niulize mimi."

Bibi hakuuliza. Kidole chake gumba kilikuwa kimepata kona ya kwanza. Kikapita ukingoni, kikapata ya pili.

Nje nyayo zilisimama. Mtu aligonga mlango kwa kiganja, kwanza kwa wasiwasi, kisha akacheka.

"Funguo! Upo? Leo kwenu mmefunga?"

Kidole cha Bibi kilifika kona ya sita, kikasita, kikaanza upya tangu ya kwanza.